Kamera za filamu: Mshale kucheza si ushahidi wa mita nzima

WANUNUZI wa kamera za zamani hulipa nyongeza ya bei kwa maneno matatu yanayoandikwa kwenye tangazo la muuzaji: "mita inafanya kazi". Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli kwa maana moja tu, kwamba mshale unacheza. Kama mshale huo unasoma mwanga sawasawa ni suala jingine, na mnunuzi hulifahamu siku anapokwenda kuchukua picha zilizosafishwa na kukuta zimefifia, vivuli havina kitu ndani, na pesa ya filamu imekwenda.

Tatizo hili halitokani na lenzi wala shata. Linatokana na betri ndogo ya duara, upana wake unakaribia milimita 16 na unene milimita 6, iliyokuwa ikitiwa chini ya kamera kwa ajili ya kipima mwanga peke yake. Iliuzwa kwa majina kadhaa, PX625, PX13 au MR9 kutegemea kiwanda, lakini mafundi huiita 625 tu. Ndani yake mlikuwa na zebaki. Sheria za mazingira zimeiondoa sokoni, na kamera zilizotengenezwa kwa ajili yake bado ziko mikononi mwa watu kwa wingi, zikiuzwa na kununuliwa kila siku.

SOKO LIMERUDI

Miaka michache iliyopita suala hili lisingestahili nafasi katika ukurasa wa biashara. Januari 2012 Kodak ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wengi wakahesabu kwamba filamu imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 Kodak ilirudisha sokoni filamu ya slaidi ya Ektachrome iliyokuwa imeachwa. Mwaka 2022 Leica ya Ujerumani ilianza upya kutengeneza kamera yake ya M6, na Juni 2024 Pentax ya Japani ikatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, kwa bei ya dola 499.95 nchini Marekani.

Kampuni inapoweza kuuza kamera mpya ya filamu kwa karibu dola 500, kamera nzuri ya mwaka 1972 haiwezi tena kuwa takataka ya darini. Hapo ndipo wachuuzi wa vitu vya zamani walipoingia, na pamoja nao ubishi juu ya mita.

KWA NINI ZEBAKI

Betri ya zebaki ilibuniwa na Mmarekani Samuel Ruben wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akishirikiana na kampuni ya P.R. Mallory, ambayo baadaye ndiyo iliyozaa jina la Duracell. Sifa yake kubwa haikuwa nguvu. Ilikuwa ni uthabiti. Betri hii hutoa volti 1.35 inapokuwa mpya, hutoa volti 1.35 ikiwa imetumika nusu, na huendelea hivyo hadi karibu na mwisho, kisha hushuka ghafla na kufa. Aidha, iliweza kukaa miaka mingi bila kuharibika.

Kwa watengenezaji kamera wa Japani na Ujerumani hiyo ilikuwa ni bahati. Kipima mwanga cha wakati ule kilikuwa na vitu vichache: betri, jicho la kadimiamu salfaidi ambalo ukinzani wake hupungua mwanga unapoongezeka, na mita ya mshale. Mwanga ukizidi, umeme mwingi hupita na mshale hupanda. Ili hesabu hiyo iwe sahihi, volti lazima isibadilike. Kwa kuwa betri yenyewe haikubadilika, viwanda havikuona sababu ya kuweka saketi ya kudhibiti volti, ambayo ingeongeza gharama na kuchukua nafasi.

Mfanyabiashara ataelewa haraka akifikiria mizani ya dukani. Betri ya zebaki ilikuwa ndilo jiwe la mizani. Mizani yote ilirekebishwa kwa jiwe hilo. Jiwe likibadilishwa na jingine lenye uzito tofauti kidogo, mizani itaendelea kupanda na kushuka kama kawaida, na mteja hataona kitu kwa macho.

SHERIA ZILIVYOIONDOA

Marekani ilipitisha sheria Mei 1996 iliyopiga marufuku uuzaji wa betri za kifungo za zebaki nchini humo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata kwa agizo la mwaka 1998 lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa unaotokana na sumu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda uligunduliwa mwaka 1956. Mkataba huo ulianza kufanya kazi Agosti 2017 na ulitaja mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kutoa nje betri nyingi zenye zebaki. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Kwa hiyo anayengoja betri hizi zirudi anapoteza muda. Hata zile zinazotangazwa mara kwa mara kuwa ni "akiba ya zamani, haijafunguliwa" zina umri mkubwa mno, na katika nchi nyingi kuziuza ni kosa. Kuziweka kwenye hesabu ya biashara ni kujidanganya.

VOLTI, SI UKUBWA

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea, baadhi kwa kutojua na baadhi kwa kujua. Zipo betri za alkalini zenye umbo lile lile la 625, mara nyingi zikiwa na herufi A au U mwishoni mwa jina. Zinaingia bila shida na kifuniko kinafunga vizuri. Lakini zinaanza na volti 1.5, yaani asilimia 11 juu ya kiwango, na baya zaidi ni kwamba zinashuka polepole kadiri zinavyotumika. Leo mita inazidisha, baada ya muda inasoma sawa kwa bahati, halafu inapunguza. Hakuna rekebisho moja linaloweza kufuata kitu kinachohama.

Betri za oksaidi ya fedha, zile ambazo watu wengi huziita betri za saa, zina tabia nzuri zaidi kwa sababu hazishuki hovyo. Tatizo ni kwamba zinasimama kwenye volti 1.55, asilimia 15 juu ya zebaki.

Volti ikizidi, mshale hupanda kuliko inavyostahili, na mpigapicha huambiwa kuna mwanga mwingi kuliko uliopo. Anafunga tundu la lenzi au anaharakisha shata, na filamu inapata mwanga pungufu. Wapigapicha hupima upungufu huo kwa "hatua", hatua moja ikiwa ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kwenye kamera moja kosa linaweza kuwa nusu hatua, kwenye nyingine likapita hatua nzima, na katika kamera hiyo hiyo linaweza kuwa dogo kivulini na kubwa juani. Ndiyo maana ushauri unaotolewa sana, wa kudanganya mita kwa kubadilisha namba ya ASA, husaidia kwa sehemu tu.

Filamu ya kawaida ya rangi huvumilia mwanga ukizidi. Upungufu haiupendi. Filamu ya slaidi haivumilii upande wowote, na nusu hatua huonekana wazi. Hivyo kosa la betri linaangukia upande ule ule ambao filamu ni dhaifu.

Kamera ambazo hatari yake ni kubwa ni zile zinazojiamulia zenyewe. Canon Canonet QL17 G-III, iliyotoka mwaka 1972 na inayotafutwa sana, huchagua tundu la lenzi kwa kuunasa mshale wa mita pale kitufe kinapobonyezwa. Mshale ukiwa umekosea, picha inakosea pamoja nao bila mpigapicha kuulizwa. Olympus OM-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 kwa jina la M-1, ina unafuu kidogo. Shata yake ni ya mashine tupu na inafanya kazi bila betri kabisa, kwa hiyo mwenye uzoefu anaweza kuipuuza mita na kupiga kwa kukadiria. Minolta SR-T 101 ya mwaka 1966 iko katika kundi hilo hilo. Nikon F yenye kichwa cha Photomic FTn inatumia betri mbili za 625, siyo moja.

Si kila kamera ya zamani ina ugonjwa huu, na mnunuzi mjanja anapaswa kujua zile zenye kinga. Pentax Spotmatic ya mwaka 1964 ilitumia betri ya zebaki ya umbo jingine, lakini mita yake ilijengwa kwa saketi ya daraja. Mshale husimama katikati pale pande mbili za saketi zinapolingana, na volti ikiongezeka inaongezeka pande zote mbili. Betri ya fedha ya volti 1.55 inatosha, ikitiwa na pete ya kujaza nafasi. Yashica Electro 35 ilitaka volti 5.6 za zebaki, lakini saketi yake huvumilia betri ya volti 6 ya sasa. Pentax K1000, Nikon FM na Canon AE-1 zilitengenezwa kwa betri zinazopatikana mpaka leo, na Olympus Trip 35 inatumia jicho la seleniamu lisilohitaji betri yoyote, ingawa jicho hilo nalo huzeeka, na likifa hakuna cha kubadilisha isipokuwa jicho lenyewe.

Inashangaza kuona kamera hizi zikitangazwa pamoja na zile za 625 kana kwamba hakuna tofauti. Mwenye duka anayeitaja tofauti hiyo kwenye tangazo lake ana sababu halali ya kudai bei nzuri.

DAWA ZILIZOPO

Iliyo rahisi kuliko zote inatoka kwenye duka la vifaa vya kusaidia kusikia. Betri namba 675 ya zinki na hewa hutoa volti zipatazo 1.4 ikiwa haina mzigo na hukaribia 1.35 ikiwa kazini, na hukaa hapo bila kuyumba. Ina upana wa milimita 11.6 na unene wa milimita 5.4, kwa hiyo inacheza ndani ya nafasi ya 625 na inahitaji pete ya mpira au ya shaba kuizunguka. Wengine huongeza kipande kidogo cha karatasi ya bati ili mguso uwe mzuri. Ibandue karatasi yake ya gundi, iache dakika chache ivute hewa, kisha uiweke. Vitundu vyake visizibwe vyote, kwani bila hewa betri hii haitoi umeme.

Kasoro yake ni umri. Ikishafunguliwa huanza kukauka, itumike isitumike, na baada ya miezi kadhaa imekwisha. Kwa mtu anayepiga picha kila wiki hilo si tatizo. Kwa mtu anayetoa kamera kabatini mara mbili kwa mwaka, kila mara atakuta betri mfu. Zipo betri za aina hiyo zilizotengenezwa rasmi kwa umbo la 625, maarufu kwa jina la Wein, ambazo huingia bila pete. Tofauti ya bei mnunuzi anailipia umbo.

Dawa ya pili ni adapta. Hii ni kikombe cha chuma chenye umbo la 625, ndani yake mna nafasi ya betri ndogo ya fedha ya aina ya SR43 pamoja na dayodi ya Schottky inayokula sehemu ya volti ili 1.55 ishuke karibu na 1.35. Inanunuliwa mara moja na kuhamishwa kutoka kamera moja hadi nyingine. Lakini ijulikane kwamba kiasi kinacholiwa na dayodi hutegemea umeme unaopita, na umeme huo hubadilika na mwanga. Ni suluhisho zuri kwa matumizi mengi, si la maabara. Pia ziko adapta za bei ndogo ambazo ni pete tupu bila dayodi. Hizo zinarekebisha ukubwa na kuacha volti ile ile ya 1.55, na tangazo lake si lazima liseme hivyo. Mnunuzi aulize neno moja tu: ina dayodi?

Dawa ya tatu ni fundi. Anafungua kamera, anarekebisha vikinzani vya mita ili isome sawa kwa volti 1.55, na tangu siku hiyo betri ya fedha inatosha. Au anaunganisha dayodi kwenye waya wa betri. Ni kazi inayolipiwa mara moja, na ni ya kufanyia kamera inayosafishwa na kurekebishwa nzima, kwani kuifungua kwa mita peke yake ni gharama isiyo na sababu. Muuzaji wa baadaye ahakikishe jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi, la sivyo mmiliki mpya atatia betri ya zinki na hewa na kupata kosa la upande wa pili.

HESABU

Kwa mfano, tuchukue mpigapicha anayetumia mikanda 20 kwa mwaka, na tuseme kila mkanda pamoja na kusafishwa unamgharimu dola 25. Kwa miaka mitatu atatumia dola 1,500.

Akitumia betri za alkalini za dola 3, moja kwa mwaka, betri zitamgharimu dola 9. Akitumia zile za vifaa vya kusikia, tuseme pakiti ya betri sita ni dola 8 na kila betri inadumu miezi mitatu, atahitaji betri 12, yaani dola 16. Adapta yenye dayodi ikiwa dola 35, pamoja na betri ya fedha ya dola 2 kila mwaka, ni dola 41. Fundi akitoza dola 60, pamoja na betri hizo hizo, jumla ni dola 66.

Kwa macho ya haraka alkalini inashinda. Lakini mkanda mmoja kati ya 20 ukiharibika kwa sababu ya mita, katika miaka mitatu ni mikanda mitatu, dola 75. Ile betri ya dola 9 imegeuka kuwa ya dola 84, ghali kuliko fundi. Bei hizi ni za mfano na kila mtu aweke za mahali pake, lakini uwiano hautabadilika sana, kwani filamu ndiyo gharama kubwa na betri ni senti. Harusi ya mteja iliyopigwa kwa mita mbovu haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa mchuuzi hesabu ni fupi zaidi. Mwenye kamera 10 za aina hii dukani hahitaji betri 10. Pakiti moja ya 675 na pete moja vinatosha kuzipima zote kwa siku moja kabla ya kuandika bei. Kinachomgharimu ni kinyume chake: kutia betri ya saa, kuona mshale umepanda, kuandika "mita inafanya kazi", halafu kurudishiwa kamera na mteja anayedai fedha zake pamoja na nauli ya posta.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Kipimo kinachokubalika ni cha jua. Filamu ya ASA 100, jua kali lisilo na wingu, kitu kinachoangaziwa kutoka mbele: shata 1/125, tundu f/16. Mita nzima itakaribia hapo. Kisha kamera ielekezwe kwenye ukuta wa rangi moja kivulini, na usomaji wake ulinganishwe na wa kamera ya kisasa au simu yenye programu ya kupima mwanga. Mita inayosoma sawa juani na kukosea kivulini, au kinyume chake, si lazima iwe ya kulaumu betri. Huenda jicho lenyewe limechoka, na hapo hakuna betri itakayolisaidia.

Kifuniko cha betri kifunguliwe mbele ya mnunuzi. Ukungu wa kijani au mweupe ndani yake maana yake ni kwamba betri iliachwa humo miaka mingi ikavuja. Miguso husafishika kwa pamba yenye siki kidogo, lakini mara nyingi waya unaotoka hapo kwenda kwenye mita umekwisha kuliwa, na mshale hautacheza hata kwa betri bora. Kuubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi wa kamera. Muuzaji asiyejua hilo huiuza kamera kama mfu, na mnunuzi anayejua huondoka na bei nzuri.

Na ikiwa humo ndani bado mna betri ya zebaki yenyewe, isitobolewe wala isitupwe jalalani au motoni. Iwekwe kwenye chombo kinachofunga na kupelekwa kwa wanaopokea taka za sumu. Haina bei.